Merlot inayokausha mdomo na Merlot laini: ipi bora?

Swali la msomaji: "Nipo Dar es Salaam. Nilizawadiwa chupa mbili za Saint-Émilion Grand Cru ya mwaka 2016, nami nikanunua mbili za Merlot ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Jumamosi jioni tulifungua moja moja tukiwa na mishkaki. Ya Stellenbosch ilikuwa laini, yenye utamu kwa mbali, kila mtu akaipenda. Ya Ufaransa ilikausha ulimi na kuchoma kooni, wageni wakaiacha kwenye glasi. Zote zimeandikwa pombe asilimia 14. Nilivyoambiwa, sifa ya Merlot ni ulaini. Je, hii ya Ufaransa ni mbovu, au ni mimi nisiyejua kuonja? Ubora wa Merlot unapimwaje hasa? Zimenibakia chupa moja moja."

Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa, sioni dalili kwamba chupa ya Ufaransa ina kasoro. Ilihukumiwa na mambo matatu kabla haijapata nafasi ya kujieleza: joto la jioni ya Dar, pilipili ya mishkaki, na ile imani kwamba Merlot lazima iwe laini. Mawili ya kwanza yanarekebishika kwa ndoo ya barafu na nyama isiyo na pilipili. La tatu linahitaji maelezo, kwa hiyo naanza nalo.

Merlot, aina ya zabibu ya mvinyo mwekundu, kweli ina tabia ya ulaini. Ganda lake ni jembamba kuliko la Cabernet Sauvignon, zabibu nyingine ya mvinyo mwekundu, punje ni kubwa kidogo, uchachu wake ni mdogo, na huiva wiki moja hadi mbili mapema. Lakini ulaini mtupu hata juisi ya boksi inao. Merlot bora ina ukakasi wa kutosha kabisa, ila ni ukakasi ulioiva, nao ndio unaoubeba huo ulaini usiporomoke mdomoni. Unapoonja, usiulize kama mvinyo ni laini. Uliza ni nini kimeushikilia ulaini wake. Ukiondoa kitu hicho unabaki na sharubati yenye pombe.

Ukakasi unaujua tangu utotoni: ni kile kinachokupata ukiuma bibo, au zambarau ambayo bado haijaiva, au ukinywa chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni ikachemka mpaka ikawa nyeusi. Si ladha, ni mguso. Tanini, yaani kemikali za ukakasi zitokazo kwenye ganda, kokwa na pipa, hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na ulimi unakwaruzana na kaakaa. Kwa hiyo neno "inakausha" halitoshi kuhukumu mvinyo. Inakausha wapi, kwa namna gani, na baada ya hapo kinafuata nini? Jibu la Merlot nzuri na Merlot mbovu linatengana hapo.

Kuhusu chupa yako yenyewe. Saint-Émilion, pamoja na jirani yake Pomerol, iko upande wa kulia wa mto Dordogne, karibu na mji wa Libourne, mashariki ya Bordeaux. Hapo ndipo nyumbani kwa Merlot, na sababu kubwa ni udongo. Mfinyanzi ni wa baridi na unatunza maji. Merlot huteseka haraka ikikosa maji, na ikipandwa kwenye udongo wenye joto huwahi kuiva kupita kiasi. Petrus, shamba la Pomerol lenye eneo linalozidi kidogo hekta 11, limekaa juu ya mfinyanzi wa rangi ya samawati na linatoa mvinyo ambao karibu wote ni Merlot. Huo ni mvinyo mzito wenye ukakasi mwingi, na hakuna mjuzi atakayeueleza kwa neno "laini" peke yake.

Saint-Émilion nyingi huchanganywa na Cabernet Franc, ambayo vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa ni mzazi wa Merlot (mzazi wa pili ni zabibu iliyokuwa karibu kusahaulika, Magdeleine Noire des Charentes). Cabernet Franc huongeza uchachu, harufu ya maua na ukakasi mwembamba. Basi chupa yako huenda si Merlot tupu. Ya Stellenbosch imeandikwa jina la zabibu, na sheria ya Afrika Kusini, kama ile ya Umoja wa Ulaya, inataka angalau asilimia 85 iwe zabibu iliyotajwa. Jambo jingine linalowapotosha wengi: maneno "Saint-Émilion Grand Cru" si cheo cha shamba. Ni jina la eneo mvinyo ulikotoka, lenye masharti makali kidogo ya mavuno na ya muda wa kukomaza. Mashamba yaliyopewa daraja huandikwa "Grand Cru Classé" au "Premier Grand Cru Classé". Kwa hiyo usiipe alama za bure kwa sababu ya maandishi, wala usiinyime.

Mwaka 2016 ulikuwa mzuri sana Bordeaux: mvua nyingi mwanzoni, kisha kiangazi kikavu, kisha usiku wa baridi mwezi Septemba uliotunza uchachu. Mivinyo ya mwaka ule ina tanini nyingi na ilitengenezwa ili ikae. Kukausha mdomo kwake hakukupaswa kukushtua.

Sasa joto. Vitabu vya Ulaya vinaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba", vinazungumzia nyumba za mawe za zamani, nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Sebule yako ina 29 au 30. Kwa joto hilo pombe inaruka kutoka kwenye glasi, inafunika harufu nyingine zote na kuchoma kooni. Halafu pilipili na pombe hugusa hisia ileile ya moto mdomoni, kwa hiyo kila tonge la mishkaki yenye pilipili liliongeza mchomo wa mvinyo. Nyama yenyewe haikuwa na kosa; mafuta, protini na chumvi yake hutuliza ukakasi. Mishkaki hiyohiyo bila pilipili ingekusaidia.

Chupa iliyokaa kwenye nyuzi 30 iweke ndani ya ndoo yenye barafu nusu na maji nusu kwa dakika 10 hadi 12. Maji ni ya lazima, maana barafu peke yake haigusi chupa yote. Kwenye friji itahitaji kama saa moja na nusu. Ukiisahau humo hadi kesho yake, itoe na kuisubiri, kwa sababu ubaridi mwingi unakaza ukakasi na kuua harufu. Ukionja Merlot kwenye nyuzi 6 utaiona chungu na bubu. Kipimajoto cha jikoni kinatosha. Lenga nyuzi 16 wakati wa kumimina, maana ndani ya dakika chache glasi itakuwa imefika 18 yenyewe.

Glasi iwe na mguu, tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, ujazo wa mililita 400 hivi au zaidi. Inusie ikiwa tupu kabla ya kumimina. Kama inanuka sabuni, kabati au kitambaa cha jikoni, isuuze kwa maji, kisha kwa tone la mvinyo uleule. Mimina mililita 50, uweze kuzungusha bila kumwaga. Chumbani kusiwe na udi wala ubani, na siku hiyo marashi yapumzike. Usionje baada ya kahawa, bazoka au dawa ya meno. Saa nzuri ni kama saa tano asubuhi, tumbo likianza kudai, pua ikiwa bado safi. Pembeni weka maji na mkate mkavu, na kopo la kutemea. Kutema si ukosefu wa adabu kwenye kazi hii. Anayemeza kila funda, ikifika glasi ya nne hapimi tena mvinyo, unampima yeye.

Mpe mtu mwingine azifunge chupa kwa magazeti na kuziandika A na B, ili usijue ipi ni ipi. Na kama unataka kujijaribu kwa haki, amimine glasi tatu, mbili za mvinyo mmoja na moja ya mwingine, nawe utafute iliyo tofauti. Ukishindwa kuipata, basi tofauti uliyoandika kwenye daftari ni ya lebo, si ya mvinyo.

Macho hayana kazi kubwa. Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, mchana, utazame ukingoni. Merlot changa ni damu ya mzee yenye ukingo wa zambarau. Ikikua, ukingo unageuka rangi ya tofali, na Merlot hufika huko mapema kuliko Cabernet Sauvignon. Ukingo wa tofali kwa chupa ya miaka minane au kumi ni kawaida. Kwa chupa ya miaka miwili ni dalili kwamba hewa au joto limeingia. Yale machozi yanayoteremka kwenye kuta za glasi hutokana na pombe inavyovukiza, hayasemi lolote kuhusu ubora, ingawa watu hupenda kuyasifia.

Pua ndiyo inayostahili muda. Nusa kwanza bila kuzungusha. Harufu zinazotoka hapo ni nyepesi na za haraka kupotea, na kasoro nyingi hujitokeza hapohapo. Kisha zungusha mara tatu au nne, nusa kwa pumzi fupi mbili tatu, toa pua, pumzika nusu dakika. Pua inachoka upesi; ukiing'ang'aniza humo ndani utaishia kunusa pombe tu.

Unatafuta nini? Kwanza tunda, na hali ya tunda hilo. Merlot iliyovunwa wakati wake hunukia plamu, kama zile za Lushoto zikiwa zimeiva lakini bado ngumu kidogo karibu na kokwa, au forosadi nyeusi, au zambarau. Ikicheleweshwa shambani hunukia jamu, zabibu kavu, matunda yaliyopikwa na sukari. Ikivunwa mbichi hunukia pilipili hoho ya kijani. Hoho hiyo si mfano wa kishairi: ni kundi la kemikali liitwalo pirazini, ambalo limo ndani ya hoho yenyewe na ndani ya zabibu changa, na hupungua kadiri tunda linavyoiva na kupata jua. Pua huipata hata ikiwa nanogramu chache kwa lita. Kwa mbali sana, ikiwa imejificha nyuma ya tunda, inaleta ubichi mzuri wa majani. Ikitangulia mbele, zabibu zilivunwa mapema, au mizabibu ilibeba mzigo mkubwa mno.

Kwa Stellenbosch kuna jambo la kuangalia hapa. Kwenye mashamba yanayokumbwa na joto na ukame, Merlot inaweza kusimamisha kazi: majani yanachoka, punje zinanywea, sukari inapanda huku ganda na kokwa zikibaki nyuma. Hapo unapata kitu cha ajabu, jamu na ubichi ndani ya glasi moja, pombe asilimia 14 yenye ukakasi wa mti mbichi. Wakulima hodari wa huko hupanda Merlot kwenye mfinyanzi au kwenye miteremko yenye upepo wa bahari, na mivinyo yao ni mizuri kweli. Ukikuta nanaa kwa mbali, usiihesabu kuwa kasoro. Ila ikinukia kama dawa ya kuchua, huenda mikaratusi iko jirani na shamba. Mafuta ya majani yake huruka na kutua kwenye zabibu. (Ukikutana na Merlot ya zamani ya Chile iliyojaa hoho, huenda si Merlot. Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu Jean-Michel Boursiquot alibaini kwamba mizabibu mingi iliyoitwa Merlot huko ilikuwa Carmenère.)

Baada ya tunda, pipa. Pipa la mwaloni wa Ufaransa huleta vanila, moshi na karafuu, na karafuu hiyo ni eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Zanzibar harufu yake. Mwaloni wa Marekani huleta nazi, ya wazi kabisa, kama mtu ameanza kukuna jikoni. Kanuni yangu: pipa linukie baada ya tunda. Vanila ikikupokea mlangoni na tunda likabaki chumba cha nyuma, mtengenezaji amejaribu kufunika wembamba wa mvinyo wake, mara nyingine kwa vipande vya mwaloni vilivyolowekwa badala ya pipa lenyewe.

Mvinyo wenye umri una tabaka la tatu: kakao, tumbaku kavu, ngozi, udongo baada ya mvua, uyoga. Kwenye 2016 yako lazima baadhi ya hizi zianze kuonekana. Zikiwepo pamoja na plamu, hapo una kitu cha maana mkononi.

Pua pia ndiyo hukamata ubovu. Harufu ya boksi lililolowa au ghala lenye ukungu ni ya kizibo kilichochafuliwa. Haiondoki kwa kupungia hewa, na kadiri dakika zinavyokwenda inazidi. Siki au rangi ya kucha ni bakteria. Zizi la farasi au plasta ya kidonda ni hamira iitwayo Brettanomyces. Kidogo sana wengine huipenda, ikizidi inaua tunda. Yai viza au kibiriti kilichowashwa sasa hivi hutokana na mvinyo kukosa hewa, na huu ndio pekee unaotibika: mimina kwenye jagi, subiri nusu saa. Kwa miji yetu ya pwani ubovu wa kawaida zaidi ni wa joto, chupa iliyosimama kwenye dirisha la duka au kontena lililokaa juani. Tazama kizibo kabla ya kukifungua: kama kimesukumwa juu ya mdomo wa chupa, au kuna alama za mvinyo uliochuruzika chini ya kofia, huo umepikwa. Utanukia matunda yaliyochemshwa na ladha yake itakatika ghafla.

Sasa mdomo. Vuta kijiko kimoja cha chakula, usukutue taratibu hadi ufike kwenye fizi na mashavu, vuta hewa kidogo kati ya meno, shikilia kwa sekunde nane hivi, tema.

Ule utamu ulioupata kwenye chupa ya Stellenbosch upime hivi: bana pua kwa vidole, onja tena. Utamu ukipotea, haukuwa sukari; ilikuwa harufu ya tunda lililoiva ikiudanganya ubongo, na hiyo ni sifa. Ukibaki vilevile, sukari imo. Mvinyo mkavu kwa kawaida una chini ya gramu 4 kwa lita, lakini Merlot za bei nafuu mara nyingi huachiwa zaidi ili kuficha ubichi. Jaribio hili la pua halichukui hata nusu dakika, na kwa Merlot linafaa kuliko kipimo kingine chochote ninachokijua.

Uchachu unaupima baada ya kutema: inamisha kichwa, uangalie mate yanakuja kwa kasi gani pembeni mwa ulimi. Merlot haichuruzishi mate kama mvinyo mweupe, lakini lazima yaje. Yasipokuja, mvinyo umelala.

Kisha ukakasi. Pitisha ulimi juu ya fizi za mbele. Ukakasi ulioiva umetandazwa sawasawa mdomo mzima, unashika kama mahameli inavyoshika kidole ukiipapasa kinyume, kisha unalegea na tunda linarudi. Ukakasi mbichi unauma sehemu moja, mara nyingi fizi na kingo za ulimi, na unaacha uchungu wa kokwa lililotafunwa. Ukakasi wa pipa unakuja mwishoni, mkavu kama vumbi la mbao, katikati ya ulimi, na haulegei. Ule wa kwanza ukiwa mwingi kwenye chupa changa ni ahadi. Huo wa pili na wa tatu hauponi kwa kutunzwa. Tunda litachoka kwanza, ukavu utabaki.

Mwisho hesabu. Tangu unapotema, ladha ya tunda inadumu sekunde ngapi? Mchomo wa pombe na ukavu usivihesabu. Chini ya tano ni mvinyo wa kila siku. Kumi ni mzuri. Ukipita ishirini na ladha ikawa bado inabadilika, mathalani plamu ikageuka kakao, andika alama ya juu bila woga.

Katika kutoa hukumu, wanaofanya kazi hii huuliza mambo manne: uwiano, urefu, ukolezi, na wingi wa tabaka. Kwa Merlot nauweka uwiano juu ya yote, kwa sababu zabibu hii ni rahisi kukolezwa lakini ni ngumu kuipa kitu cha kuishikilia. Mvinyo mzito wenye harufu nyingi lakini usio na uchachu hauzidi wastani kwangu, hata ukiwa wa bei ya kutisha. Mwembamba kidogo wenye tunda safi, ukakasi uliolegea na sekunde kumi na mbili nauweka juu yake.

Kwa chupa zako zilizobaki, fanya hivi. Ile ya 2016 isimamishe wima siku moja kabla ili mashapo yatulie. Ifungue, onja funda moja, kisha mimina taratibu kwenye jagi, ukiacha vidole viwili vya mwisho ndani ya chupa kama umeona mashapo. Jagi likae ndani ya sufuria yenye maji baridi, si barafu, lisipande juu ya nyuzi 18. Onja baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili, na kila mara andika ukakasi uko wapi. Ya Stellenbosch ifungue kwenye mwonjo huo wa mwisho, iwe na nyuzi zilezile, uzionje pamoja zikiwa zimefichwa. Kama una nyama, ichome kwa chumvi tu, uile baada ya kuandika.

Kisha acha theluthi ya kila chupa, rudisha kizibo, weka kwenye friji, uonje tena kesho yake saa ileile baada ya kuipandisha joto. Mvinyo ulioshikiliwa na tanini zilizoiva na uchachu, siku ya pili utakuwa umefunguka. Uliokuwa unategemea utamu na pipa utakukuta umechuja, umebaki pombe na vanila. Linganisha maandishi ya siku mbili hizo ndipo uamue ipi ununue tena.